Kizuia matangazo, shangazi na ukuta wa duka Malaba

Najua, najua. Niliahidi kuendelea na mada ya hifadhidata na sijaendelea. Kazi zilinibana, na umeme wa huku kwetu nao ukawa na mambo yake. Leo nimelazimika kuandika jambo jingine kabisa, kwa sababu ya mpwa wangu ambaye ni mwanafunzi hapa Busia. Alinipigia simu akiwa amekasirika kweli kweli.

"Anko, ile kitu uliniwekea ya kufunga matangazo imezimika yenyewe. Chrome inasema haitumiki tena. Sasa kila nikifungua ukurasa ni kamari, mikopo na dawa ya kupunguza tumbo!"

Nilicheka, lakini nilijua anachosema. Kuanzia 2024 hadi 2025, Google iliondoa ndani ya Chrome uwezo wa kuendesha viendelezi vya mtindo wa zamani, na kimojawapo kilichozimwa ni uBlock Origin, kizuia matangazo ambacho nimekiweka kwenye kompyuta za karibu ukoo mzima. Mpwa wangu hakufanya kosa lolote. Kampuni inayoishi kwa matangazo ndiyo hiyo hiyo inayotengeneza kivinjari chake, na yeye amekumbushwa jambo hilo bila kuulizwa.

Nitampa njia ya kutokea, na nyinyi pia, huko mwishoni. Lakini kwanza nina la kuungama. Watu wengi wanajua mimi ndiye "yule jamaa wa kufunga matangazo". Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo nilikuwa jamaa wa kuyaweka. Na aliyelipa ni shangazi yangu.

Kwa msiotufahamu, Busia na Malaba ni miji miwili ya mpakani, yote katika kaunti ya Busia, na kutoka mmoja hadi mwingine ni safari fupi ya matatu. Kila mmoja una pacha wake upande wa Uganda mwenye jina lile lile. Neno boda boda limezaliwa huku, kutokana na baiskeli zilizokuwa zikibeba watu kutoka kizuizi kimoja cha mpaka hadi kingine, na sisi wa Busia bado tunabishana na ndugu zetu wa Malaba kuhusu nani alianza. Siku hizi kuna vituo vya pamoja vya mpakani, ambapo unakaguliwa mara moja tu, katika nchi unayoingia. Cha Busia kilifunguliwa rasmi na Rais Kenyatta na Rais Museveni Februari 2018. Majengo ni mazuri, lakini kitu kimoja hakikubadilika: ukishuka kwenye matatu, kabla mguu haujagusa ardhi, vijana wanne wameshika begi lako. Mmoja anataka kukubadilishia pesa, wa pili ana pikipiki, wa tatu anajua "mtu wa ndani", na wa nne hujui anataka nini ila anatembea nawe tu.

Mkaaji wa hapa haoni shida. Anasema "asante" bila kugeuka, anapita. Mgeni ndiye anayeliwa.

Sasa, mwaka 2019 nilitengeneza ukurasa mdogo sana wa viwango vya kubadilisha shilingi ya Kenya na ya Uganda. Si viwango vya benki, la. Viwango vya barabarani, vile ambavyo wabadilishaji wenye mabunda mkononi wanatoa asubuhi hiyo, Busia na Malaba. Nadhani mnaelewa umuhimu wake. Mama anayevuka kununua maharagwe akiwa na shilingi 20,000 za Kenya, akipunjwa nusu shilingi ya Uganda kwa kila shilingi yake, amepoteza shilingi 10,000 za Uganda kabla hajanunua hata debe moja. Akijua bei ya leo, hapunjwi.

Viwango vya Busia nilikuwa nikiviokota mwenyewe. Vya Malaba aliniletea shangazi. Yeye ana duka pale: sukari, sabuni, soda, kredo ya simu, na magunia ya mahindi na maharagwe yanayotoka ng'ambo. Kila asubuhi kabla ya saa mbili alikuwa akipita kwa wabadilishaji anaowafahamu, anauliza, kisha ananitumia SMS. "Kununua hivi, kuuza hivi. Umekula?" Hivyo tu. Hakuniomba shilingi. Ukurasa wote ulikuwa na jedwali moja na tarehe, hakuna hata picha.

Halafu ikaja korona. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka yake kwa watu, mizigo ikaachwa ipite. Mnakumbuka malori ya Malaba? Madereva walipokuwa wakisubiri majibu ya vipimo, foleni ilirefuka makumi ya kilomita, mtu analala ndani ya lori siku kadhaa. Akina mama waliokuwa wakivuka kwa miguu sasa walifanya kila kitu kwa simu: wanaagiza, wanatuma pesa, mzigo unakuja na lori. Ghafla ukurasa wangu ukapata watu. Kutoka wageni hamsini kwa siku hadi mia tisa. Nilifurahi kama mtoto, nikawa naamka usiku kutazama takwimu.

Lakini seva yangu ilikuwa ya bei ya chini kabisa, ikaanza kulemewa. Wakati huo huo mteja wangu mkubwa alikuwa amesimamisha kazi kwa sababu ya korona. Nikajiambia, kila tovuti duniani inaishi kwa matangazo, kwa nini mimi nisiishi? Nikajiandikisha na kampuni moja ya matangazo ya huko nje (sitaitaja), nikapewa mistari minne ya skripti, nikaibandika juu ya jedwali. Ilinichukua dakika kumi pamoja na kutengeneza chai.

Miezi miwili na kitu baadaye shangazi akanipigia.

"Mwanangu, siku hizi huo ukurasa wako unakula."

"Unakula nini, shangazi?"

"Unakula MB. Na kredo pia. Naweka kredo jioni, asubuhi haipo. Halafu kuna mtu ananitumia habari za mpira wa Ulaya kila siku. Mimi nimfanyie nini mtu wa mpira?"

Nilipanda matatu, na barakoa yangu, nikaenda Malaba. Nikaketi kwenye kreti ya soda, nikachukua simu yake, nikafungua ukurasa wangu mwenyewe. Ndugu zangu, niliona aibu. Juu ya jedwali, juu ya vile viwango ambavyo yeye mwenyewe alikuwa amenitumia asubuhi ile, kulikuwa na kisanduku chekundu kinachotikisika: ONYO! SIMU YAKO INA VIRUSI 3. BONYEZA HAPA KUSAFISHA. Na kitufe kikubwa cha kijani.

Shangazi alikuwa amebonyeza. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kana kwamba nimeuliza swali la kijinga. "Si ni wewe uliandika?"

Hilo neno sijalisahau. Alibonyeza kwa sababu lilikuwa kwenye ukurasa wa mtoto wa ndugu yake. Angeliona kwingine angepita, kama anavyowapita wale vijana wa stendi. Kitufe kile kilimwunganisha na huduma ya ujumbe wa kulipia, shilingi 10 kwa siku. Tulipohesabu meseji za mpira zilikuwa 71. Shilingi 710. Siku hiyo hiyo nilifungua akaunti yangu ya matangazo: nilikuwa nimevuna dola 11 na senti 40, kama shilingi 1,200 kwa bei ya wakati ule. Na hizo zenyewe zilikuwa za kutazama tu, kwa sababu kampuni hailipi mpaka ufikishe dola 100. Kwa mtu mmoja ninayemjua, hasara ilikuwa zaidi ya nusu ya faida niliyoonyeshwa. Wale wengine mia tisa siwajui.

Mtauliza, mtu anawezaje kuunganishwa na huduma kwa kubonyeza tu, bila kuandika namba yake? Inawezekana. Ukitumia data ya simu badala ya Wi-Fi, mtandao wa simu tayari unajua laini yako ni ipi, na kuna mipango ya malipo ambapo mtandao humthibitishia muuzaji namba hiyo na kukata kredo moja kwa moja. Kwa muuzaji mwaminifu ni jambo rahisi na zuri. Kwa mwenye kisanduku chekundu ni shimo la kuchotea.

Nilirudi Busia nikakaa chini na kupima, jambo ambalo mhandisi yeyote angelifanya KABLA ya kubandika skripti. Ukurasa wangu mtupu ulikuwa KB 38. Ukiwa na matangazo ulifika MB 2.6. Ukurasa mtupu ulituma maombi 3, yote kwa seva yangu. Ukiwa na matangazo ulituma maombi 74 kwa anwani 31 tofauti, ambazo hata moja sikuwa nimewahi kuisikia. Hebu tupige hesabu. Chukua kifurushi cha MB 50. Ukurasa mtupu unaweza kuufungua zaidi ya mara 1,300. Wenye matangazo, mara 19. Kwa hiyo mama wa maharagwe alikuwa akilipa kutoka mfukoni mwake ili aletewe tangazo ambalo hakuliomba, na mimi nikaita jambo hilo "bure".

Hizo anwani 31 zilikuwa zikifanya nini? Mnada. Ndiyo, mnada, kama wa ng'ombe. Ukifungua ukurasa wenye matangazo ya aina hii, kivinjari chako kinatoa habari zako: simu gani, uko mji gani, ulipita tovuti gani kabla. Habari hizo zinapelekwa kwa wanunuzi wengi kwa pamoja, wanataja bei, anayeshinda anaonyesha tangazo lake. Yote haya kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwenye ukurasa hajui nani ameshinda. Mara nyingi aliyeshinda ni dalali anayemuuzia dalali mwingine. Nilipowaandikia ile kampuni kuuliza nani aliweka kisanduku chekundu, walinijibu kwa adabu kwamba wataliangalia. Niliamini hata wao hawakuwa wakimjua.

Haikuanza hivi. Bango la kwanza maarufu kwenye wavuti lilionekana Oktoba 27, 1994, kwenye tovuti ya HotWired, la kampuni ya simu ya AT&T. Lilikuwa picha tu, ukitaka unabonyeza. Baadaye katika miaka hiyo ya tisini kijana mmoja aitwaye Ethan Zuckerman, akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, aliandika programu ya kufungua dirisha jipya lenye tangazo. Yale madirisha ya kuruka yaliyotutesa sana saiba, mnayakumbuka? Unalipa kwa dakika, na nusu ya dakika zako unafunga madirisha. Mwaka 2014 Zuckerman aliandika makala ya kuomba radhi kwa dunia nzima. Ni huyo huyo aliyeshiriki kuanzisha Global Voices, iliyowasaidia wanablogu wengi wa Afrika kusikika, kwa hiyo mimi nimeshamsamehe.

Vizuia matangazo navyo vina umri. Adblock ya kwanza ya familia ya Firefox iliandikwa na Henrik Aasted Sørensen, Mdenmark, mwaka 2002. Mwaka 2006 Wladimir Palant akatoa Adblock Plus. Mwaka 2014 Raymond Hill wa Kanada akatoa uBlock, na uBlock Origin ikafuata 2015. Kinachonivutia kwa Hill ni kwamba hapokei michango. Anasema ukitaka kutoa, wape wanaotunza orodha.

Na orodha ndiyo siri yote. Kizuia matangazo hakina uchawi. Ni sawa na askari wa lango mwenye daftari. Kivinjari kikitaka kuomba kitu kutoka anwani fulani, askari anatazama daftari lake (maarufu zaidi ni EasyList, linalotunzwa na watu wa kawaida), na anwani ikiwa humo, ombi halitoki kabisa. Hapo ndipo watu wengi hukosea, wanadhani tangazo linakuja kisha linafichwa. Mengi hayaji kabisa. MB hazitumiki, mnada haufanyiki, kisanduku chekundu hakizaliwi. Yapo machache yanayofichwa baada ya kufika, lakini hayo ni masalio.

Sasa turudi Malaba. Nilikwenda tena wiki iliyofuata na shilingi 710 za shangazi. Alizipokea, akanunua soda mbili kutoka duka lake mwenyewe, moja akanipa. Nikamweleza kwamba nimeyaondoa matangazo yote na kwamba nitaweka kizuizi kwenye simu yake, asione tangazo tena maishani. Nilidhani atafurahi.

Akanyoosha kidole nje. "Na ule ukuta?"

Ukuta wa duka lake umepakwa rangi ya kampuni, kama maduka mengi mnayoyaona barabarani Kenya nzima. Rangi ya kung'aa, jina la bidhaa kwa herufi kubwa, na jina la duka pembeni kwa herufi ndogo. Yeye hakulipia rangi hiyo.

"Hao walikuja hapa wakaniomba," akasema. "Nikawaona kwa macho. Wakapaka, ukuta wangu ukapona mvua. Wakileta rangi mbaya najua pa kuwapata. Na ukuta haufuati mtu nyumbani. Tangazo si mbaya, mwanangu. Ubaya ni kuweka ukuta wako wazi kwa mtu usiyemjua, halafu hata hutoki nje kuona amepaka nini."

Nilikuwa nimesoma makala nyingi za Kiingereza kuhusu maadili ya kuzuia matangazo, wengine wakisema ni wizi, wengine wakisema ni haki ya binadamu. Hakuna iliyonielewesha jambo hili kama kreti ile ya soda.

Basi nikafanya hivi. Nilizunguka mimi mwenyewe Malaba na Busia. Nilimpata fundi wa magurudumu ya malori, mwenye nyumba ya wageni, na mama anayepika chakula cha madereva. Kila mmoja analipa shilingi 500 kwa mwezi. Anachopata ni mstari mmoja wa maandishi chini ya jedwali: jina, kazi, namba ya simu. Hakuna skripti, hakuna kuki, hakuna picha. Mistari yote mitatu haifiki KB moja. Na mnajua nini? Kizuia matangazo hakiigusi. Hakina sababu. Mstari umetoka kwenye seva yangu mwenyewe, haumpigii simu mtu yeyote, haumfuati mtu. Kama kingeuzuia ningejiuliza nimekosea wapi.

Shilingi 1,500 kwa mwezi si utajiri, lakini inalipa seva na inabaki ya nauli ya kwenda kuwaona wateja wangu. Na wananiambia ukweli. Yule mama wa chakula aliwahi kunipigia: "Wiki hii hakuna aliyesema ametoka kwako, nipunguzie." Nilimpunguzia. Mnada gani utakupa mazungumzo hayo?

Sitaki mdhani nimemaliza kila swali. Kuna moja linanisumbua mpaka leo. Magazeti. Mwandishi anayefuatilia habari za kaunti yetu, za soko na za barabara, analipwa na gazeti ambalo kwa sehemu linaishi kwa matangazo. Nikizuia kila kitu, ninachukua kazi yake bila kulipa. Hawezi kwenda kuokota mistari ya shilingi 500. Mimi nimeamua hivi: gazeti ninalolisoma kila siku, nalilipia usajili, na huduma ya M-Pesa, iliyoanza 2007, imefanya hilo kuwa jambo la dakika moja. Tovuti ambayo siwezi kuilipia lakini matangazo yake ni ya adabu, naifungulia lango. Nyingine zote zinakutana na askari na daftari lake. Si jibu kamili. Mpwa wangu hana pesa ya usajili, na sitamwambia asisome habari.

Wapo waliojaribu jibu la katikati. Adblock Plus ilianzisha mwaka 2011 mpango wa "matangazo yanayokubalika", yale yasiyosumbua yapitishwe. Wazo zuri, ila baadhi ya kampuni kubwa zikawa zinalipa ili zipitishwe, na askari wa lango akishaanza kupokea bahasha tunajua mwisho wake, hasa sisi watu wa mpakani. Sheria nayo ipo. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla data yake haijatumiwa kibiashara. Nafurahi ipo. Lakini kile kisanduku chekundu kilitokea mwaka uliofuata.

Na kwa wanaodhani ni uoga wa watu wa vijijini: Desemba 2022 FBI ya Marekani iliwashauri wananchi wake watumie kizuia matangazo wanapotafuta vitu mtandaoni, kwa sababu wezi walikuwa wakinunua matangazo yanayofanana na tovuti halali. Wezi wa huko na wa huku wamesoma shule moja.

Haya, sasa dawa ya mpwa wangu.

Kwenye kompyuta, sakinisha Firefox, halafu uBlock Origin kutoka ukurasa rasmi wa viendelezi vya Firefox. Huko kinafanya kazi kikamilifu. Ukipenda kubaki Chrome, kuna uBlock Origin Lite, ambayo ni nyepesi na ina uwezo mdogo zaidi, lakini ni bora kuliko kukaa uchi. Angalia jina kwa makini kabla ya kusakinisha, kuna viigizo vingi.

Kwenye simu ya Android, Chrome haipokei viendelezi, lakini Firefox ya Android inapokea uBlock Origin ile ile. Hii ndiyo niliyomwekea shangazi.

Ukitaka kuzuia hata ndani ya programu nyingine za simu, Android kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018 ina mpangilio wa DNS ya faragha. DNS ni kitabu cha namba za simu cha intaneti: kivinjari kinauliza "huyu anaishi wapi?" na kinajibiwa. Ukiandika pale dns.adguard-dns.com, utakuwa unauliza kitabu ambacho kurasa za matangazo zimechanwa. Tahadhari mbili. Kwanza, mwenye kitabu anaona unamuuliza nani, kwa hiyo ni suala la kumwamini. Pili, matangazo yanayotoka nyumba moja na maudhui, kama ya YouTube, hayazuiliki hivi, kwa sababu ukichana ukurasa huo unapoteza na video.

Mwisho, ukiwa na duka, kanisa, chama au tovuti ya shule unayoitunza, kabla hujabandika skripti ya mtu mwingine, fungua ukurasa huo kwenye simu ya bei nafuu kabisa, kwa data uliyoinunua mwenyewe, mahali wateja wako walipo. Mimi nilikuwa nikiutazama wangu kwenye kompyuta yenye kizuia matangazo. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Miezi ile yote nilikuwa na askari langoni kwangu, na sikuwahi kuona nilichokuwa nikiwaonyesha wengine.

Shangazi bado ananitumia viwango kila asubuhi. Leo ameandika cha kununua, cha kuuza, na "umekula?" Nimemjibu bado, naandika kwanza.

Wacha nikale. Tukijaliwa, wiki ijayo ni hifadhidata. Safari hii naahidi kweli.